Kabla Hujashusha Injini: Namna ya Kutafuta Mahali Oili Inapovuja kwenye Vespa ya Zamani

Vespa yangu hulala juu ya jabali. Kwa mkazi wa Mwanza jambo hilo halina ajabu, kwa kuwa nyumba nyingi za Mabatini zimejengwa katikati ya mawe, na ua wa nyumba ninayoishi ni bamba moja la jiwe lililoinamia barabarani. Oili ikidondoka juu ya jiwe hilo haitulii ilipodondokea, bali huteremka polepole usiku kucha, na kunapopambazuka doa huonekana chini ya gurudumu la mbele, mahali ambapo hakuna oili yoyote ya kuvuja. Mwaka wa kwanza nilibadilisha sili (pete ya mpira ya kuzuia oili) ya ekseli ya nyuma mara mbili, kwa sababu rimu ilikuwa imelowa na fundi aliyeitazama alisema, bila hata kuchuchumaa, kwamba hiyo ni sili. Mara ya tatu niliketi chini mwenyewe, nikaisafisha injini, nikaona oili ikichungulia kwenye oringi ndogo, yaani pete nyembamba ya mpira, ya mkono wa klachi, ambayo bei yake haikufika hata ya chupa ya soda. Mfuniko wa klachi upo jirani kabisa na tairi, na tairi ndilo lililokuwa likiichukua ile oili na kuirusha hadi kwenye rimu.

Maelezo yanayofuata yanahusu injini za mipigo miwili zenye gia za kubadilisha kwa mkono, yaani zile Vespa ambazo petroli yake huchanganywa na oili. Mfano wangu mkuu ni Vespa ya aina ya PX, iliyoanza kutoka katika kiwanda cha Piaggio huko Italia mwaka 1977, lakini karibu kila neno linaihusu pia Bajaj Chetak, iliyoanza kutengenezwa India mwaka 1972 kwa kufuata umbo la Vespa na ambayo ndani yake ina mpangilio unaofanana sana. Lambretta ina mnyororo ndani ya kava lake na sanduku lake la gia huchukua oili nyingi zaidi, ingawa njia ya kutafuta ni ileile. Pikipiki mpya za mipigo minne, ambazo mitaani nazo huitwa vespa kwa mazoea, zina oili inayozungushwa kwa pampu ndani ya injini nzima, kwa hiyo hazimo humu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika injini hii hakuna oili moja. Zipo mbili, nazo hazitakiwi kukutana. Oili ya kwanza imo katika sanduku la gia, ambamo klachi nayo huogelea. Kwa PX ni mililita 250 tu za oili ya SAE 30 (alama ya uzito wa oili), kiasi cha nusu ya chupa ndogo ya maji ya kunywa. Oili ya pili ni ile iliyochanganywa na petroli, kwa kiwango cha asilimia 2 kwa PX na hadi asilimia 5 kwa baadhi ya Vespa za zamani zaidi, ambayo hupita kwenye kabureta, ikaingia katika chumba cha krenki (shina linalozungushwa na pistoni), ikalainisha beringi na pistoni, kisha ikaungua na kutoka kwa ekzosi. Kati ya chumba cha krenki na sanduku la gia kuna sili moja ya mpira upande wa klachi. Upande wa pili wa krenki, nyuma ya magneto (gurudumu lenye feni linalozalisha umeme wa cheche), kuna sili nyingine inayotenganisha chumba hicho na hewa ya nje. Ukishaiona picha hii kichwani, nusu ya kazi ya uchunguzi imekwisha, kwa sababu swali haliwi tena "inavuja wapi?" bali "ni oili ipi inayovuja, na inatoka chumba gani kwenda wapi?"

Kwa hiyo anza na tone lenyewe. Usiku, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali palipo tambarare kadiri unavyoweza kupata, utandike chini yake boksi la karatasi lililofunuliwa, na uchore kwa kalamu mahali gurudumu la nyuma lilipo na mahali stendi ilipokanyaga. Asubuhi utakuwa na ramani. Chukua tone moja kwa kidole na uliweke juu ya karatasi nyeupe. Petroli yenye oili huacha duara pana ambalo katikati yake hukauka upesi na kubaki na alama nyepesi ya mafuta, na harufu yake haifichiki. Oili ya sanduku la gia ni nzito, rangi yake ni ya kahawia au ya kijivu chenye kumetameta kwa sababu ya vumbi la klachi na gia, na haikauki hata ukiiacha mchana kutwa juani. Uchafu mweusi unaonata kama lami, wenye harufu ya moshi, umetoka kwenye ekzosi. Grisi iliyoyeyuka kutoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu) huwa na rangi hafifu na hubaki kuwa nene.

Zipo siku tone litakudanganya. Kabureta ya Vespa hukaa ndani ya kijisanduku juu ya injini, na sindano ya boya lake ikichakaa au ikikwama kwa uchafu, petroli hufurika, hujaa kijisanduku na kuteremka ubavuni mwa injini. Petroli hupotea hewani lakini oili iliyokuwa imechanganywa humo hubaki, na baada ya wiki chache injini nzima huonekana kama imemwagiwa oili kutoka juu. Watu wengi wameshusha injini kwa ajili ya sindano ya boya. Kipimo chake ni rahisi: funga bomba la petroli jioni unapozima, na uache boksi chini kama kawaida, kesho yake acha bomba wazi usiku kucha, kisha linganisha maboksi mawili. Kama la kwanza ni kavu na la pili limelowa, acha sili zako zipumzike na ufungue kabureta.

Usafi ndio uchunguzi wenyewe, wala si maandalizi yake. Injini yenye tabaka la oili na vumbi la barabara ya Nyakato haiwezi kukuambia chochote, kwa sababu feni ya kupoza husukuma hewa kutoka upande wa magneto kuzunguka silinda na kutupa kila tone nyuma, na gurudumu hulisambaza lililobaki. Toa kifuniko cha pembeni na kava la silinda. Ziba kwa kitambaa na mfuko wa nailoni mdomo wa kabureta. Paka mafuta ya taa kwa brashi ya rangi ya zamani, uache dakika kumi, kisha usugue pembe zote, hasa mstari unaounganisha nusu mbili za injini, shina la kiki, mfuniko wa klachi, kisanduku cha gia (si sanduku la gia lenyewe) ambamo waya mbili za gia huishia, na bolti ya kumwagia oili iliyo chini. Suuza kwa maji ya sabuni bila kutumia mashine ya presha, kwa maana ile hupenyeza maji kwenye magneto na kwenye drami ya breki. Nakuomba usisafishe kwa petroli injini ikiwa ya moto. Najua mafundi wanaofanya hivyo kila siku, na najua mmoja asiyekuwa tena na nyusi.

Injini ikishakauka kabisa, inyunyizie poda. Poda ya mtoto inafaa kuliko zote kwa sababu ni laini na hushika vizuri. Chaki iliyosagwa nayo hufanya kazi, lakini unga wa sembe haufai, maana hudondoka kabla hujawasha. Nyunyizia mahali palipo na maungio, si kila mahali, kisha washa na uiache injini ingurume dakika tano ikiwa imesimama. Zima, chuchumaa, tazama kwa tochi. Halafu fanya safari fupi, mathalani kutoka mjini hadi Igoma na kurudi, na utazame tena. Tazamo la kwanza huonyesha uvujaji unaotokana na ujazo wa oili na mlipuko wa petroli ndani ya silinda. La pili huonyesha ule unaosubiri joto na mzunguko wa gurudumu. Katika yote mawili, kanuni ni moja: fuata mstari wa unyevu hadi sehemu iliyo juu kabisa na ya mbele kabisa, kwa sababu oili huteremka na upepo huipeleka nyuma, na ukishafika mahali ambapo juu yake poda ni kavu na nyeupe, hapo ndipo chanzo kilipo.

Sasa tupite mahali pamoja na pengine, tukianza na pale ambapo tatizo huwa dogo.

Bolti ya kumwagia oili huvuja kwa sababu washa yake imetumika mara nyingi kupita kiasi. Washa hiyo ni ya alumini au ya nyuzi ngumu, na kazi yake ni kubanika mara moja na kujaza nafasi. Mtu akiona inavuja huongeza nguvu ya spana, na kwa kuwa mwili wa injini ni alumini laini, nyuzi za tundu la bolti hung'oka. Badilisha washa kila unapomwaga oili. Kama nyuzi zimekwisha kung'oka, mafundi wa mashine za kukereza walioko Nyakato wanaweza kukuwekea bushi yenye nyuzi mpya, na hiyo ni bora kuliko kuzungushia uzi na gundi kama nilivyowahi kuona.

Mfuniko wa klachi una oringi kubwa moja inayozunguka ukingo wake, na mkono wa klachi unaopenya mfuniko huo una oringi yake ndogo. Kutofautisha hizi mbili ni jambo la kuvuta klachi. Safisha, weka poda, kisha umwombe mtu avute na kuachia mkono wa klachi ulio kwenye usukani mara thelathini injini ikiwa ya moto huku wewe ukitazama. Oili ikijitokeza kuzunguka shina la mkono, ni oringi ndogo. Ikijitokeza ukingoni mwa mfuniko, ni ile kubwa, au uso wa mfuniko umepinda kwa kukazwa upande mmoja. Shina la kiki huvuja vivyo hivyo, na kipimo chake ni kupiga kiki mara nyingi plagi ikiwa imetolewa. Kisanduku cha gia kina gasketi ya karatasi ambayo hukauka na kupasuka ikikaa miaka mingi. Huifungui injini kuibadilisha, na karatasi nzuri ya gasketi ukiikata kwa mkasi kwa kufuata ile ya zamani inatosha kabisa.

Kuna pia kitundu cha kupumulia cha sanduku la gia, ambacho mahali kilipo hutofautiana kati ya aina moja na nyingine. Oili ikitoka hapo, usikimbilie kuziba. Kitundu hicho hutoa oili kwa sababu mbili tu: ama oili ni nyingi kuliko inavyotakiwa, ama kuna kitu kinachoisukuma kutoka ndani. Ujazo sahihi ni ule unaofika kwenye ukingo wa tundu la kujazia pikipiki ikiwa imesimama wima, na mtu anayejaza huku pikipiki imeegemea ukuta wa duka atajaza kupita kiasi bila kujua. Kuhusu kinachosukuma kutoka ndani, nitarudi hapo punde, maana ndio moyo wa jambo hili.

Ekseli ya nyuma ndiyo inayolaumiwa zaidi, na mara nyingine kwa haki. Sili yake ikichoka, oili ya gia hupita kwenye shina la ekseli na kuingia ndani ya drami ya breki. Dalili yake haianzii chini bali katika kanyagio la breki: breki ya nyuma inalegea, kisha siku nyingine inashika ghafla na kulia, na ukiitoa drami unakuta ndani yake tope jeusi lenye mng'ao. Hili ndilo tatizo la nje ambalo haliruhusu kusubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu anayeteremka kutoka Bugando akiwa na oili kwenye breki na kwenye ubavu wa tairi anajihatarisha yeye na wapita njia. Unapobadilisha sili, tazama pia shina ambalo mdomo wa sili husugua. Kama umechimbika mfereji unaoweza kuuhisi kwa ukucha, sili mpya itavuja kama ya zamani, na kitundu cha kupumulia kikiwa kimezibwa na matope, joto litaongeza msukumo ndani ya sanduku na kuisukuma sili yoyote utakayoweka. Pedi zilizoloa oili tupa. Kuzichoma kwa moto ili zikauke ni kujidanganya, kwani ukizipasha tena kwa breki oili hutoka ndani yake.

Maungio ya silinda hayana mengi. Unyevu mweusi chini ya silinda unaonyesha gasketi ya msingi imechoka au nati zimelegea. Kwa PX kichwa cha silinda hukaa chuma kwa chuma bila gasketi, kwa hiyo uchafu unaojitokeza hapo humaanisha nyuso haziko sawa, na mara nyingi kusugua kichwa juu ya msasa mwembamba uliotandikwa kwenye kioo humaliza kazi. Nati hukazwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa.

Ute mweusi kwenye kiungo cha ekzosi si uvujaji wa injini hata kidogo, ingawa ndio huwatisha watu zaidi kwa jinsi unavyochafua. Ni oili ambayo haikuungua. Sisi wa ukanda huu tuna sababu ya ziada ya kuuona, kwani Ziwa Victoria lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza. Sababu nyingine ni kuchanganya kwa kukadiria. Asilimia 2 ni mililita 20 kwa lita moja, yaani mililita 100 kwa lita tano, na kifuniko cha chupa si kipimo. Halafu lipo suala la oili yenyewe. Maduka ya karibu na mwalo wa Kirumba huuza oili ya mipigo miwili kwa ajili ya injini za mitumbwi, na yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji ya ziwa. Vespa hupozwa kwa hewa na silinda yake ni ya moto zaidi, kwa hiyo tafuta chupa yenye alama ya API TC au ya JASO FB au FC. Sisemi injini yako itakufa kesho kwa kutumia ya mitumbwi, lakini mimi siiweki.

Uvujaji mbaya kuliko wote ni ule usiodondosha hata tone moja chini. Sili ya krenki ya upande wa klachi ikichakaa, pistoni inapopanda hutengeneza mvuto ndani ya chumba cha krenki na kunyonya oili ya sanduku la gia, ambayo huungua pamoja na petroli. Moshi huwa mwingi, mweupe wenye kuelekea ubluu, na tofauti yake na moshi wa kawaida wa asubuhi ni kwamba haupungui injini inapopata joto. Plagi hulowa oili. Pistoni inaposhuka jambo hugeuka: mchanganyiko wa petroli husukumwa kuingia kwenye sanduku la gia, oili ya humo inakuwa nyepesi, wingi wake unaongezeka, na ndipo ule msukumo niliouahidi huitoa oili kwa kitundu cha kupumulia na kupitia kila oringi dhaifu. Mtu hubadilisha oringi tatu na sili ya ekseli, na zote huvuja tena, kwa sababu aliyezisukuma bado yumo ndani.

Kuthibitisha hilo, mwaga oili ya sanduku la gia injini ikiwa ya moto, uipokee katika chupa safi iliyowekwa alama za mililita, na uiache idondoke hadi tone la mwisho. Kisha inuse. Oili yenye harufu ya petroli na inayotiririka kama maji ya kunde imeingiliwa. Ikiwa uliweka 250 na umepata 320, jibu limekuja lenyewe. Ikiwa umepata 120 na nje ya injini ni kavu, oili iliyopungua imeungua. Nimeona watu wakiweka oili nzito ya gia za malori ili "isivuje upesi", na matokeo ni klachi isiyoachia vizuri na gia zinazokataa kuingia asubuhi, huku petroli ikiendelea kuingia ndani vilevile.

Sili ya upande wa magneto ina tabia nyingine. Ikichoka hunyonya hewa badala ya oili. Petroli inakuwa haba kulingana na hewa, injini inapata joto kupita kiasi, na dalili ambayo masikio yako yatakuambia ni kwamba ukiachia mafuta, mngurumo unachelewa kushuka, kana kwamba injini haikusikia. Ukiendelea kuipeleka hivyo kwenye barabara ya Usagara kwa mwendo wa juu, pistoni itang'ang'ania silinda na injini itanoki. Nje, utaona unyevu wenye harufu ya petroli nyuma ya magneto na nyaya za koili zilizolainika mpira wake. Ukitaka kuitoa magneto tumia pula yake maalumu. Bisbisi mbili na nyundo huvunja mapezi ya feni, na mapezi yakivunjika magneto hupoteza ulinganifu wake na kuitikisa krenki.

Kwa anayetaka uhakika kabla ya kutoa fedha, kuna kipimo cha presha, na hapa Mwanza nimekifanya kwa vifaa vya kuokoteza. Nilichukua plagi iliyokufa, nikavunja kaure yake, na fundi wa kuchomelea akanifungia mahali pake nozeli ya tyubu ya baiskeli bila kijiti chake cha ndani. Kwenye nozeli nikaunga balbu ya mpira ya kusukumia hewa na saa ya mshale ya mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu. Saa ile huishia 300, na milimita 300 za zebaki ni sawa na 0.4 ya bar (kipimo cha presha), kiasi kilekile kinachotosha kupima injini ya mipigo miwili bila kuzisukuma sili zitoke mahali pake. Usitumie pampu ya gari wala kompresa.

Toa kabureta na kijisanduku chake, ufunge tundu la kuingizia kwa bamba la chuma lenye mpira wa tyubu chini yake. Toa ekzosi, uzibe shina lake kwa kipande cha bati cha mviringo, mpira juu yake, na klipu ya kubania. Zungusha magneto kwa mkono hadi pistoni ifike chini kabisa, ili njia za kati ya silinda na chumba cha krenki ziwe wazi na upimaji uhusu vyumba vyote viwili kwa pamoja. Funga ile plagi, pampu hadi 300, kisha usiguse kitu. Mshale ukishuka kwa kiasi cha 50 au pungufu kwa dakika nzima, injini ni nzima. Ukianguka mbele ya macho yako, chukua maji ya sabuni na brashi, uanze kupaka: plagi, vizibo vyako mwenyewe kwanza (mara ya kwanza vilivuja vyangu vyote viwili), msingi wa silinda, kichwa, na mshono wa nusu mbili za injini. Kisha fungua skrubu ya kujazia oili ya gia na upake utando wa sabuni juu ya tundu lake. Utando ukitutumka kama puto na kupasuka, hewa inapita kutoka chumba cha krenki kwenda sanduku la gia, na sili ya upande wa klachi ndiyo yenye hatia. Nilipoona puto hilo kwa mara ya kwanza niliita watoto wa jirani waje watazame.

Kipimo hiki kina udhaifu mmoja ambao inafaa uujue. Mdomo wa sili ya krenki umeelekea ndani, kwa hiyo presha kutoka ndani huubana kwenye shina, na sili iliyokakamaa inaweza kufaulu mtihani wa kusukumwa lakini ikashindwa inaponyonywa. Ikiwa mshale umetulia lakini mngurumo bado unachelewa kushuka na kabureta umeihakiki, amini dalili, usiamini saa.

Ukishajua, amua. Oringi, washa, gasketi ya kisanduku cha gia na sili ya ekseli hubadilishwa injini ikiwa mahali pake. Sili ya magneto pia, kwa Vespa nyingi kubwa, hutolewa kwa nje baada ya kuondoa magneto na sahani ya koili, na kwenye sahani hiyo ukune alama ya msumari kabla ya kulegeza skrubu ili usipoteze mpangilio wa cheche. Sili ya upande wa klachi ndiyo inayodai injini ishushwe na kupasuliwa nusu mbili, na kwa kuwa gharama kubwa ipo katika kazi yenyewe, badilisha sili zote, oringi zote na beringi za krenki kwa mkupuo. Nusu za injini zitenganishwe kwa kugongwa kwa nyundo ya mbao au ya mpira. Ncha ya bisbisi ikipenyezwa katika mshono huacha mkwaruzo ambao hakuna gasketi itakayouziba. Nenda dukani na sili ya zamani mkononi, usome namba zilizochapwa juu yake, nazo ni kipenyo cha ndani, cha nje, na unene kwa milimita, na ukatae inayokaribia. Silikoni ya tyubu niliyoiona ikipakwa kama siagi kwenye mkate haina nafasi katika mshono wa injini hii, kwani inayotokeza upande wa ndani hukatika na kwenda kuziba njia za kulainishia beringi.

Kabla ya kusukuma sili mpya mahali pake, paka mdomo wake oili, uisukume kwa soketi yenye upana unaolingana nayo, na uhakikishe imeingia sawasawa pande zote. Jaza mililita 250 za SAE 30, usafishe injini kwa mara nyingine hata kama inaonekana safi, na uweke poda. Peleka pikipiki hadi Kisesa na urudi bila kuikimbiza, ukitazama njiani mara moja. Jioni hiyo tandika boksi jipya, uchore tena mahali gurudumu lilipo, na uandike tarehe pembeni; langu la mwisho bado limeegemea ukuta wa stoo, na kuna doa moja tu juu yake, la chai.